Gurudumu la Kushoto

Gurudumu la kulia lilikuwa la moto, la kubabua kiganja. La kushoto lilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Kasimiri alichutama katikati ya umati wa watu wa Ubungo, akagusa tena la kulia, akagusa tena la kushoto, kisha akaichomeka mikono yote miwili mifukoni mwa ovaroli lake na kusimama.

Pijo nyeupe, gari la Shirika lililomwajiri, ilikuwa imevuka barabara na kusimama upande usio wake, pua imeelekea mtaroni. Baiskeli ya Mzee Fakihi, mchuuzi wa ndizi, ilikuwa imekunjika chini ya bampa, na ndizi zenyewe zilikuwa zimeshaokotwa na wale ambao huruma yao huanza na mizigo. Mzee mwenyewe alikuwa amekimbizwa hospitali, mguu umevunjika. Waliobaki walikuwa wakibishana kama dereva alikuwa amelewa sana au amelewa kidogo.

Dereva huyo alikuwa Fransis, mdogo wake Filomena, mke wa Kasimiri. Askari alikuwa amemshika ukosi, na shati lilikuwa limechanika begani.

"Shemeji, waambie!" Fransis alisema alipomwona. "Nimekanyaga breki, gari ikanivuta kulia. Si nilikwambia? Mara mbili nilikwambia inavuta!"

Ni kweli alimwambia. Mara ya kwanza walikuwa wanakula ugali kwa kisamvu, mara ya pili walikuwa wanatoka kanisani, na mara zote mbili Kasimiri alimjibu kwamba ashike usukani kiume. Sasa askari alimgeukia.

"Wewe ndiye fundi wao? Ni kweli anayosema?"

Kasimiri alitazama pembeni. "Gari haliaguliwi barabarani, afande. Litafunguliwa karakana."

Fransis alimtazama shemeji yake kwa muda mrefu, mpaka askari alipomsukuma kwenye landrova.

&nbsp;

Mwaka huo wa sabini na sita spea ya gari ilikuwa kitu cha kuombewa dua. Karakana ya Shirika pale Chang'ombe ilikuwa na Pijo zilizolala miezi kwa kukosa kitu kidogo kama pete ya mkononi: mpira unaoizunguka pistoni ya breki, kazi yake kuzuia maji na vumbi visiingie. Mpira huo ukichanika, maji yanaingia, pistoni inashika kutu. Stoo haukuwepo, madukani haukuwepo, na barua za kuuomba zilijibiwa kwa barua.

Kasimiri ndiye aliyechukua tyubu kuukuu ya baiskeli, akakata, akabandika kwa solusheni ya kuzibia pancha, akavalisha. Gari likatembea. Akafanya la pili na la tatu, mpaka yakafika tisa. Meneja, Ndugu Revelian, aliandika ripoti ndefu kwenda wizarani juu ya kujitegemea kwa vitendo, na siku ya Mei Mosi Kasimiri aliitwa jukwaani mbele ya wafanyakazi wote akapewa cheti na cherehani. Cheti alikitundika sebuleni kwake Temeke, juu ya picha ya Bikira Maria, mpaka Filomena alipokishusha chini kidogo kwa heshima. Cherehani ndiyo iliyokuwa ikiwavalisha watoto wa nusu ya mtaa.

Sasa, Jumanne asubuhi, siku moja baada ya ajali, Kasimiri alipiga jeki Pijo ile na kung'oa magurudumu ya mbele. Alifanya kazi hiyo peke yake, na alikuwa na sababu.

Diski ya kulia, ile sahani ya chuma inayobanwa na breki, ilikuwa imelika mpaka ikawa nyembamba, pembeni imebaki na ukingo wa kukata kidole, na uso wake umegeuka buluu kwa moto. Pedi zake za kuibana zilikuwa zimekwisha hadi chuma. Kisha akaenda kushoto. Diski ya kushoto ilikuwa nyekundu kwa kutu, kutu nene ya kubanduka magamba, isipokuwa mstari mmoja mwembamba uliokuwa unang'aa. Pedi zake zilikuwa nene vilevile kama siku alipozitia. Aliuchokoa ule mpira kwa bisibisi. Mpira wake, wa cheti na cherehani, ulikuwa umevimba kwa mafuta ya breki na kulainika kama halua. Ulitoka vipande vipande. Nyuma yake pistoni, ya kusukuma pedi, ilikuwa imegandamana na kutu, haisogei mbele wala nyuma.

Breki ya kushoto ilikuwa imekufa siku nyingi, na ya kulia ilikuwa ikifanya kazi ya wawili. Ukikanyaga, gari linashikwa upande mmoja tu, nalo linageukia huko huko. Fransis hakuwa ameacha upande wake. Alivutwa.

Ukutani palikuwa na fomu ya ukaguzi ya wiki tatu nyuma: *Breki: safi*. Chini yake sahihi ya Kasimiri, yenye mkia mrefu wa mtu anayejiamini. Siku ile hakung'oa hata gurudumu moja. Angeng'oa ya nini, na kazi ilikuwa ya mikono yake mwenyewe?

"Umeona nini?"

Kasimiri aligutuka. Ndugu Revelian alikuwa amesimama nyuma yake, suti ya mtindo wa Chou En-lai imepigwa pasi, funguo za gari zinazunguka kidoleni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeandika ripoti.

"Mpira umeoza, Ndugu Meneja. Pistoni imekwama. Gari ilikuwa inashika breki upande mmoja."

Meneja alichungulia ile diski nyekundu. "Hii kutu? Gari limenyeshewa usiku kucha. Kila chuma kinashika kutu."

"Si kutu ya mvua, hii."

"Kasimiri." Sauti ilishuka. "Unajua ripoti yangu imefika wapi? Mwezi ujao wanakuja wageni kutoka mikoani kujifunza huo mpira wako. Kwako wewe, wanakuja kwako. Sasa nikawaambie nini? Kwamba kujitegemea kumemvunja mzee mguu?"

Kasimiri aliifuta bisibisi kwenye ovaroli, na Meneja akaendelea.

"Polisi wanangoja karatasi ya karakana Ijumaa, baada ya kamati ya wafanyakazi kukaa. Ile Pijo iliyopinduka Kibaha ina diski nzima. Zifunge hapa, safisha pistoni, uandike breki ilikuwa salama. Fransis ni kijana, hana mtoto. Atapata faini, au miezi michache. Wewe una familia na jina."

Alipokwisha kuondoka, Kasimiri alikaa kwenye tairi akavuta sigara mbili mfululizo. Kisha akafanya kama alivyoambiwa. Nasema hivyo bila kumpamba: alifanya. Alifunga diski za lile gari la Kibaha, ile ya buluu akaitupa kwenye vyuma chakavu vya karakana, akaitia ile nyekundu ndani ya gunia pamoja na vipande vya mpira, akaenda nayo nyumbani kwa nia ya kuitumbukiza chooni.

&nbsp;

Lakini choo cha nyumba ya wapangaji hakikosi mtu. Gunia lilikaa mvunguni tangu Jumanne, na Jumatano alasiri Filomena alipofagia, ufagio uligonga chuma.

Kasimiri alirudi kazini akamkuta mkewe amekaa kitandani, diski magotini, khanga yake imeingia wekundu wa kutu. Nje kibarazani Fransis, aliyekwisha kutolewa kwa dhamana, alikuwa amekaa vilevile alivyokaa asubuhi, sahani ya wali imefunikwa pembeni yake na nzi wanaijua.

"Baba Sesilia, hiki nini?"

"Chuma cha kazini."

"Miaka kumi na moja nalala na fundi. Nakuuliza, hii ndiyo ya gari aliyokuwa anaendesha Fransis?"

"Punguza sauti."

"Upande gani?"

Kasimiri alikaa kwenye kigoda. Angeweza kudanganya, alishalianza neno. Ila Filomena alikuwa ameshapitisha kidole juu ya ule mstari mwembamba unaong'aa katikati ya kutu, na alikuwa anakitazama kidole chake.

"Kushoto."

"Na mpira?"

"Ni wangu."

Filomena aliiweka diski sakafuni taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto asiamke. "Ndugu yangu amekaa nje siku mbili hali chakula. Jana ameniuliza, 'Dada, labda ni kweli nilisinzia?' Umesikia? Ameanza kujisingizia mwenyewe. Na wewe umelala juu ya ushahidi wake, unakoroma."

"Nikisema, kazi imekwisha. Cherehani hiyo itachukuliwa. Tutakula nini?"

"Tulikuwa tunakula nini kabla ya Mei Mosi?"

"Meneja amesema atapata faini tu."

"Meneja ndiye hakimu?" Alinyanyuka, akajifunga khanga upya kwa nguvu. "Sikulazimishi. Mie nikikulazimisha utasema ni maneno ya mwanamke na ndugu zake. Kitu kimoja tu nakuomba. Kesho nenda hospitali kamwone huyo mzee. Ukitoka huko, kama mkono wako bado unaweza kukitupa hicho chuma chooni, kitupe. Nitakumulikia na taa."

&nbsp;

Mzee Fakihi alilala wodini, mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe. Kasimiri alimwamkia shikamoo, akaweka machungwa matano juu ya kabati.

"Marahaba. Wewe ni wa polisi?"

"Hapana, mzee. Mie natoka kazini kwake yule dereva."

"Aa. Basi mpe salamu yule kijana. Mwambie sina kinyongo." Mzee alijiinua kidogo. "Watu wananiambia alikuwa mlevi. Mie nilimwona, mwanangu. Gari linanijia, na yeye anakata usukani kushoto, mikono yote miwili, mdomo wazi. Anakata kushoto, gari linakuja kulia. Nikasema moyoni, huyu hakunikusudia, ila amepanda kitu kisichomsikia. Hivi gari linaweza kumkataa mtu?"

"Linaweza," alisema Kasimiri.

"Kwa nini?"

Kasimiri alimenya chungwa moja, akampa. Maganda akayatia mfukoni, na mzee, kwa adabu, akajifanya anatazama dirishani.

&nbsp;

Ijumaa saa tisa kamati ya wafanyakazi ilikaa ndani ya karakana, juu ya mabenchi yaliyopanguswa grisi. Mwenyekiti alikuwa Bi Mwanabaraka wa stoo, mwanamke wa Mbagala, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na ulimi ambao hata Meneja aliupisha. Ndugu Revelian alikaa kulia kwake. Fransis alisimama mbele yao, kofia mkononi.

"Karatasi ya fundi iko wapi?" aliuliza Mwanabaraka.

Meneja alisukuma karatasi mezani. "Nimeshaisoma. Breki salama. Mwenye macho anaweza kwenda kulitazama gari, liko nje."

"Na karatasi haina sahihi," alisema Mwanabaraka, akiisogeza karibu na miwani. "Ndugu Kasimiri, kalamu imekwisha wino?"

Watu wachache walicheka. Kasimiri alisimama. Kutoka chini ya benchi alilivuta gunia, akaitoa diski, akaiweka mezani. Ilitoa mlio mzito, na chembe za kutu zikamwagika juu ya karatasi.

"Hii ndiyo iliyokuwa kwenye gari. Ile iliyomo sasa nimeitia mie, Jumanne."

"Nani alikwambia uitie?" aliuliza Mwanabaraka.

Kasimiri hakumtazama Meneja. "Mkono uliofunga ni wangu."

Fransis aligeuka. Uso wake haukuonyesha shukrani. Ulionyesha mtu aliyepigwa na mtu wa nyumbani.

"Ndugu Mwenyekiti," Meneja alidakia, "huyu ni shemeji yake. Wanakula sahani moja. Na kutu hiyo ni ya mvua. Gari lilinyeshewa usiku kucha."

"Basi tutoke nje," alisema Kasimiri. "Kuna gari jingine limelala mvua hiyo hiyo."

Walitoka wote, wanakamati saba na mafundi waliojifanya wanapita. Kasimiri alipiga jeki Pijo ya kijani iliyokuwa imesimama toka Jumatatu, akang'oa gurudumu moja, kisha la pili. Diski zote mbili zilikuwa na rangi ya chungwa, laini, sawasawa.

"Hii ndiyo kutu ya mvua. Mama, tia kidole."

Mwanabaraka alisugua kwa kidole gumba. Chuma kikang'aa. Akatazama kidole.

"Inatoka kwa kidole. Dereva akikanyaga breki mara tatu, imekwisha. Na imekuja pande zote mbili sawa, kwa sababu mvua haichagui. Sasa sugua ile ya mezani."

Walirudi. Mwanabaraka alisugua, akasugua kwa ukucha, akasugua kwa ufunguo wa stoo. Gamba moja likabanduka, na chini yake kulikuwa na kutu nyingine.

"Hii ya miezi," alisema Kasimiri. "Diski inasafishwa na pedi kila ukishika breki. Ikiwa na kutu hivi, maana yake pedi haikuigusa. Na mwenzake wa kulia amelika hivi." Aliiokota ile nyembamba, ya buluu, kutoka kwenye vyuma chakavu. "Mmoja analala, mwenzake anafanya kazi. Gari linakwenda kwa anayefanya kazi." Kisha akafungua kikaratasi na kumwaga vile vipande laini, vyeusi. "Na huu ndio mpira wangu. Tyubu ya baiskeli haipatani na mafuta ya breki. Mie sikujua. Ila Fransis aliniambia gari inavuta, mara mbili, nikamcheka. Na fomu ya ukaguzi niliitia sahihi bila kufungua gurudumu."

Ndugu Revelian alivua miwani yake, akaivaa tena.

"Mpira mmoja ukioza haina maana yote imeoza," alisema. "Tusiharibu kazi ya wengi kwa sababu ya mmoja. Mimi nasema mipira ile ni mizima, na ripoti yangu inabaki ilivyo."

"Iko kwenye magari tisa," alisema Kasimiri. "Moja ndilo hili. La pili ni la kijani, hapo nje. La tatu ni lako, Ndugu Meneja. Nilikutilia mwezi wa Februari."

Mtu fulani nyuma alikohoa. Wote walijua, maana Meneja mwenyewe alikuwa amelitangaza tangu Jumatatu: kesho asubuhi alikuwa anaipeleka familia yake Morogoro kwa gari hilo hilo, kwenye ubarikio wa kanisani.

Mwanabaraka alikunja mikono juu ya meza. "Basi hakuna neno. Mipira ni mizima. Ndugu Meneja, kesho safari njema. Mama watoto umkalishe mbele."

Hakuna aliyecheka. Funguo zilizoea kuzunguka kwenye kidole cha Revelian; sasa zilikuwa zimetulia kiganjani. Alizitazama. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na kwa mara ya kwanza Kasimiri alimhurumia. Kisha Meneja alinyoosha mkono, akaziweka funguo mezani kando ya ile diski, akatoka nje bila kuaga. Walimwona kupitia mlangoni akilipita gari lake, akielekea barabarani kwa miguu.

"Katibu, andika," alisema Mwanabaraka.

Na katibu aliandika. Dereva Fransis hana hatia, karatasi ipelekwe polisi leo hii. Magari tisa yasitoke mpaka yafunguliwe. Fundi Kasimiri, kwa kutia sahihi asichokiona na kwa kuficha kielelezo, asimame kazi miezi mitatu bila mshahara, na zawadi ya Mei Mosi irudishwe. Mwanabaraka aliyasoma maneno ya mwisho polepole, na hakumwangalia Kasimiri alipokuwa akiyasoma.

&nbsp;

Jumamosi kabla ya adhuhuri Pijo la mizigo la Shirika lilisimama mbele ya nyumba. Kwa kuwa dereva wa zamu alikuwa Fransis, aliyetumwa kuchukua cherehani alikuwa Fransis.

Alisimama mlangoni, hakuingia. "Wamenituma," alisema.

Filomena alikuwa kwenye cherehani, gauni la mtoto wa jirani liko chini ya sindano. "Najua. Kaa. Ngoja nimalize pindo."

Alikaa. Kasimiri alikuwa amekaa upande wa pili, cheti kimeshashushwa, kipo mapajani pake. Majirani walikuwa wamejaa uani, kila mmoja akiwa na kazi ya ghafla ya kuanika nguo.

"Shemeji," alisema Fransis hatimaye, macho chini. "Siku nne. Ulijua siku nne."

"Nilijua pale pale Ubungo. Niligusa magurudumu."

"Na ukaninyamazia."

"Ndiyo."

Fransis alitikisa kichwa. Hakusema amesamehe, na Kasimiri hakuomba, maana kuna maneno ambayo yakisemwa mapema huwa ni dharau. Filomena alikata uzi kwa meno, akalikunja gauni. Akaipangusa mashine kwa pindo la khanga, mgongo hadi gurudumu, akasema, "Chukueni." Kisha akaingia ndani haraka.

Wanaume wawili wakainyanyua, mmoja kichwani, mmoja miguuni, wakaipakia. Fransis alifunga mlango wa nyuma, akazunguka kwenda kwenye usukani.

"Ngoja," alisema Kasimiri. "Hili nalo lilikuwa na mpira wangu."

"Wamelifungua jana jioni. Wameniambia safi. Kuna fomu, imetiwa sahihi."

"Hata mie nilikuwa natia sahihi."

Fransis alisimama, mkono kwenye kitasa. Kasimiri, fundi aliyesimamishwa kazi, mbele ya mtaa mzima, alipiga magoti vumbini. Aliweka kiganja kwenye gurudumu la kulia, akakiacha hapo. Akaamka, akazunguka pua ya gari, akapiga magoti tena, akakiweka kwenye la kushoto. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Filomena akatokeza mlangoni, macho mekundu, kuona kuna nini.

"Njoo na wewe uguse," alimwambia Fransis.

Fransis aliinama, akagusa la kushoto, akaenda akagusa la kulia. Akarudi tena la kushoto.

"Sawasawa," alisema.

"Yana joto sawasawa," alisema Kasimiri, akijipangusa magoti. "Nenda."